Samaki Wanaona Tu

Watu wa Bukoba hatuhitaji kufundishwa kwamba taa ni mtego. Msimu wa senene ukifika, Novemba hivi, mabati husimamishwa juu ya mapipa, taa kali huwashwa, na anga ya mji hubadilika rangi. Senene anayepita huko juu na safari zake huiona nuru, huishukia, huteleza kwenye bati na kuishia pipani, kisha kikaangoni. Ziwani nako, usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa katika visiwa vya Muleba hutoka na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Huziachia juu ya maji, dagaa wakajikusanya chini yake, nyavu zikafanya kazi. Sijawahi kumsikia mtu akisema taa zile zinawaka kwa faida ya dagaa. Nia yake iko wazi, na uwazi huo nauheshimu.

Taa iliyo juu ya tangi la samaki sebuleni ni jambo gumu zaidi. Hainasi mtu, kwa sababu aliye ndani ameshanaswa. Inawaka muda mrefu kila siku juu ya kiumbe asiye na pa kwenda, na tukiulizwa inawaka kwa ajili ya nani tunajibu haraka mno: kwa ajili ya samaki.

Nina tangi moja mahususi akilini, la jirani yangu hapa Bilele, kijana fundi simu. Amelijaza mimea ya majini hadi limekuwa kama bustani iliyozama. Juu yake amefunga taa za kukuzia mimea, zile za LED zinazotoa mwanga wa zambarau, ambazo watu huagiza mtandaoni kwa ajili ya miche inayooteshwa ndani ya nyumba. Ukipita barabarani usiku utadhani dirisha lake ni la baa. Ndani ya tangi kuna furu sita. Furu ni wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao wavuvi wa sangara huwatumia kama chambo hai, na hawa sita aliwanunua kwa muuza chambo, wakiwa bado kwenye ndoo, kabla ya kuvikwa ndoano. Nilipomuuliza sababu ya rangi ile alinijibu kwa subira ya mtu aliyeulizwa mara nyingi.

“Hizi ni za mimea, kaka.”

“Na samaki je?”

“Samaki? Samaki wanaona tu.”

Alimaanisha kwamba hawadhuriki, kwamba kwao mwanga ni mwanga. Lakini alichosema ni kwamba wanaona, na tangu siku hiyo sijaweza kuliacha neno lile lipite.

Kuhusu mimea yuko sahihi, na ni vizuri kumpa haki yake kwanza. Kijani tunachokiona kwenye jani ni sehemu ya mwanga ambayo jani limeitumia kidogo zaidi, likairudisha. Linachokipenda zaidi ni nyekundu na bluu, ndiyo maana watengenezaji wa taa hizi hujaza rangi hizo mbili na kuacha nyingine, na zikichanganyika jicho letu huona zambarau. Umeme hautumiki kutengeneza rangi ambazo jani halizitaki sana. Mimea ikishiba mwanga, na ikipata virutubisho na hewa ya kaboni ya kutosha, hustawi, hunywa uchafu wa samaki na kuyaongezea maji oksijeni. Mwanga ukizidi chakula cha mimea, mwani hujitokeza na kioo huota ukijani. Kwa hiyo taa ya mimea ni taa ya samaki pia, kwa njia ya kuzunguka. Hiyo ndiyo hoja ya jirani yangu, na si hoja dhaifu. Maji yake ni masafi kuliko ya matangi mengi niliyoyaona kwenye mahoteli.

Sasa nielekeze macho upande wa pili wa ziwa, kwa sababu huko Mwanza swali hili la mwanga na furu limeulizwa kwa makini kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, watafiti wawili Waholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, walichapisha maelezo ya furu mpya na kumpa jina la Mwalimu. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Hata jenasi yake ni neno letu wenyewe. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Ana ndugu wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la bluu ya kijivu. Majike wa pande zote mbili wana rangi hafifu na wanafanana mno. Hukaa kwenye miamba ileile, yule wa bluu karibu na uso wa maji, yule mwekundu chini zaidi. Wanaweza kuzaliana, na watoto wao wanazaa. Kinachowafanya wabaki wawili ni chaguo la jike: jike wa huyu humtambua dume wake kwa rangi, akamwacha wa yule.

Mwaka 1997, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kilichotokea walipogusa taa. Chini ya mwanga mweupe wa tangi, majike walichagua sawasawa. Chini ya mwanga wa rangi moja, ambamo nyekundu na bluu hazitofautiani, walishindwa. Dume yeyote akawa dume tu. Kisha watafiti wakaonyesha kwamba ziwa lenyewe linafanya jaribio hilohilo bila maabara. Udongo unaosombwa na mvua na rutuba inayotoka mashambani na mijini huyatia maji ukungu, na ukungu hula rangi. Mahali ambapo maji yalikuwa yamechafuka zaidi, furu walikuwa na rangi hafifu zaidi na aina zao zilikuwa chache zaidi. Tumezoea kumlaumu sangara, na ana kesi ya kujibu: aliletwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akalipuka kwa wingi miaka ya 1980, na mamia ya aina za furu zikapungua au zikatoweka. Lakini hapa hakuna aliyeliwa. Spishi inaweza kwisha bila samaki hata mmoja kufa.

Sentensi hiyo inanisumbua, kwa sababu maadili mengi tuliyofundishwa yanamtafuta aliyeumizwa. Nani ameumizwa hapa? Jike amekula, amekua, amezaa. Dume hana jeraha. Watoto wana afya. Ukimshtaki aliyebadilisha mwanga utamleta shahidi gani? Na bado kitu kimeondolewa, na kilichoondolewa si uhai wala raha, ni uwezo wa kumtambua wako. Ningekuwa natafuta neno la Kiswahili la dhara hili, ningesema ni kufumbwa macho ukiwa macho.

Taa ile ya maabara haikuwa ya zambarau, na sisemi kwamba tangi la Bilele linarudia jaribio la Mwanza. Zambarau ina nyekundu na bluu. Inachokosa ni katikati, kijani na manjano, ili ubavu wa manjano wa dume usome kama kitu kingine kabisa. Hoja yangu haisimami juu ya rangi gani hasa. Inasimama juu ya jambo dogo zaidi: kwamba mwanga kwa samaki huyu si pambo la mazingira. Ni sehemu ya mwili wake, kama gamba.

Hapa huja pingamizi ninalolisikia mara nyingi, na limevaa nguo za hekima: aliyezaliwa ndani ya tangi hajui kingine. Huwezi kumnyima mtu asichokijua. Kwa muda mrefu nililiona kuwa pingamizi zuri. Kilichonibadilisha ni jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2017 na Martine Maan, Seehausen na Ton Groothuis. Waliwalea wale ndugu wawili, wa bluu na mwekundu, kwenye matangi huko Uholanzi, tangu wadogo, wengine chini ya mwanga unaofanana na wa maji ya juu, wengine chini ya mwanga wa manjano unaofanana na wa kina. Samaki hao hawakuwahi kuliona ziwa. Walilishwa, wakatunzwa. Hata hivyo kila aina iliishi vizuri zaidi chini ya mwanga wa makazi ya mababu zake, na kufa zaidi chini ya mwanga wa ndugu yake.

Kwa hiyo hajui kingine, lakini mwili wake unajua. Tofauti hiyo inaivunja ile hekima. Tunaposema “hajui”, tunazungumzia kumbukumbu, kitu anachoweza kukililia. Lakini mahitaji ya kiumbe hayasubiri kumbukumbu. Mtoto aliyezaliwa gerezani hana kumbukumbu ya uwanja wa kukimbilia, na miguu yake inauhitaji vilevile.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi kwangu kwa sababu linamhusu jirani yangu moja kwa moja. Yeye amewaokoa. Bila yeye furu wale sita wangekuwa wametobolewa mgongo na kushushwa majini wakiwa hai ili sangara wawafuate. Kati ya ndoano na mwanga wa zambarau, nani atachagua ndoano? Na watu wazito kuliko yeye wana hoja hiyohiyo. Watafiti na wafugaji waliwachukua furu wa ziwa letu wakawapeleka kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na zipo aina ambazo leo zinaishi humo tu, kwa sababu ziwani hazionekani tena. Kwa samaki hao taa ya darini ndiyo jua, na swichi ndiyo alfajiri.

Nakubali kwamba kuokoa ni tendo jema. Ninachokataa ni kwamba linamnunulia mwokozi haki zote zilizobaki. Katika nyumba zetu tunaijua sana hesabu hiyo. Mtoto wa ndugu huletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kuamka saa kumi na moja alfajiri kufagia na kulala wa mwisho baada ya vyombo. Mwenye nyumba akiulizwa, jibu lake huwa tayari: angekuwa kijijini, hana viatu. Pengine ni kweli hana viatu. Lakini ubaya wa mahali alikotoka haupimi wema wa mahali alipo. Akishavuka kizingiti chako, kipimo kinabadilika. Hulinganishwi tena na umaskini wa kwao, unalinganishwa na uwezo wako wewe. Vivyo hivyo ndoano si kipimo cha tangi. Kijana aliyeweza kununua taa ya zambarau aliweza kununua nyeupe.

Mtu ataniuliza kama nakula dagaa. Nakula, na senene nawapenda kuliko inavyofaa kuandika hapa. Sioni kwamba ninajipinga. Anayemvua dagaa humfanyia jambo moja, zito, likaisha. Anayefuga amejichukulia kazi isiyoisha: kila siku anamchagulia mwenzake chakula, joto, jirani na mchana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Samaki wa tangini ni mgeni asiyeweza kushika jembe wala kuaga, na kwa sababu haagi, mwenyeji husahau kwamba bado ni mwenyeji.

Ajabu ni kwamba ujuzi wa kugawa mwanga hatujaukosa. Ingia kwenye kibanja chochote cha Muleba. Migomba juu, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na hapa na pale mti mkubwa wa kivuli. Hakuna mmea humo unaopata mwanga wote ambao ungeweza kuumeza. Mwenye kibanja hupunguza majani ya mgomba ili buni ipumue, na huyaacha mengine ili udongo usichomwe. Hafanyi hesabu ya mmea mmoja. Taa ya kukuzia mimea imetengenezwa na akili nyingine, akili ya shamba la zao moja, inayouliza jani linataka nini na kunyamaza hapo. Kwenye miche ya nyanya akili hiyo haina dhambi. Ukiihamishia mahali ambapo kuna macho, imekwenda isikoitwa.

Na tusidhani kwamba anasa ya bustani ya maji haijawahi kutudhuru. Gugumaji lililoziba ghuba za ziwa miaka ya 1990 lilisambazwa duniani kama ua la kupendezesha mabwawa. Kwetu lilishuka na Mto Kagera kutoka juu, likatandaza kivuli juu ya maji, na chini ya kivuli hicho mambo yakabadilika. Ndiyo maana ninapomwona mtu akimwaga mimea ya tangi lake Mto Kanoni, ninapaza sauti kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Nimezungumzia rangi mno. Pengine kosa la kawaida zaidi ni muda. Samaki hana kope. Wewe ukichoka na taa ya sebuleni unafumba macho, unageukia ukuta, furu hawezi. Bukoba tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, mchana wetu na usiku wetu karibu vinalingana mwaka mzima, na saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya usawa huo: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya. Furu wa ziwa hili wamekaa ndani ya saa hiyo tangu kuwepo kwao. Jirani yangu hufunga kibanda chake cha simu saa mbili usiku, hufika nyumbani na kuwasha zambarau yake ili afurahi, akaizima saa sita. Mchana, asipokuwepo, tangi lina mwanga wa dirisha uliofifia. Samaki wake wanaishi saa za fundi simu. Lugha yetu, kwa bahati, inatumia neno mwanga kwa nuru na pia kwa mchawi anayezunguka usiku watu wakiwa wamelala. Nilimwambia utani huo. Hakucheka sana.

Mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza mwaka 1974 ni vipi kuwa popo, na akahitimisha kwamba ukweli wote kuhusu ubongo wa popo haukupi ladha ya kuwa popo. Wengi huliona somo hilo kama ruhusa ya kuacha kujisumbua. Naliona kinyume. Macho ya furu yana vipokezi vilivyorekebishwa kwa maji ambayo hutawahi kuyaona kama anavyoyaona. Kwa kuwa huwezi kuingia ndani ya jicho lile, jicho lako mwenyewe halifai kuwa hakimu. Tangi likionekana zuri kwako, hilo ni habari juu yako.

Kinachotakiwa si kikubwa, na nimekieleza kwa jirani yangu kwa kirefu kuliko alivyohitaji: taa nyeupe yenye rangi zote, saa nane au tisa mchana, swichi ya saa ili asahau bila madhara, mimea michache inayoelea ili pawe na kivuli cha kukimbilia, na giza kamili usiku. Mimea mingi ya majini huishi vizuri hivyo. Michache haitaishi, hasa ile ya majani mekundu ambayo ndiyo ilikuwa fahari yake. Aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki, kama mimea yenyewe si viumbe. Ni viumbe. Nilimjibu kwamba mmea wake mwekundu haumtafuti mchumba kwa macho, na kwamba ukikosa nafasi ndani ya tangi, ndoo ipo.

Ameweka taa nyeupe. Ile ya zambarau ameihamishia barazani, juu ya ndoo yenye mmea ule mwekundu na kopo la miche ya nyanya, na vyote viwili vinakwenda vizuri. Jumamosi akipata wageni huirudisha juu ya tangi kwa saa moja au mbili, kwa sababu, anasema, kwa taa nyeupe watu wanapita bila kuuliza kitu.